Kuugua, Bima ya Afya na Kukosa Kazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafanyakazi wa Mwanza

Kwa miaka 9 nilishika daftari la mahudhurio katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, kisha wenzangu wakanichagua kuwa mwakilishi wao. Kiwandani nimeshatoka, lakini simu hazijaacha kuita, na wanaopiga wanauliza yale yale niliyokuwa naulizwa dirishani saa 12 asubuhi, mtu ameshika cheti mkononi na macho yamemwiva kwa homa. Nimeyakusanya hapa. Majibu yanawahusu zaidi walio sekta binafsi: viwandani, hotelini, madukani, kwenye mialo. Mtumishi wa umma ana taratibu zake za ziada, na yeye aanzie kwa afisa utumishi wake.

Nina kadi ya bima. Nikilazwa wiki mbili, bima itanilipa mshahara wangu?

Hapana. Hili ndilo swali linaloongoza, na kulikosea ndiko kunakoharibu mambo mengi yanayofuata.

Mfanyakazi anayeugua ana mifuko mitatu ya kutazamia, na kila mmoja una kazi yake. Wa kwanza ni bima ya afya, kwa wengi NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Huo unailipa hospitali: kumwona daktari, vipimo, dawa, kitanda. Wewe mkononi haukupi kitu. Wa pili ni mfuko wa mwajiri wako mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka aendelee kukulipa ukiwa mgonjwa, kwa siku maalumu na kwa masharti. Wa tatu ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, nao unafunguka pale tu kazi yenyewe ilipokuumiza au kukuletea maradhi.

Nimeona mtu aliyekatwa kidole na mashine akihangaika wiki nzima kwenye dirisha la bima. Nimeona na wa malaria anayeuliza fomu za WCF. Ukibisha hodi mlango usio wake utapigwa danadana mpaka uchoke, na siku zote hizo kwenye daftari zinasomeka kitu kimoja tu: hayupo.

Likizo ya ugonjwa ni siku ngapi, na unalipwa kiasi gani?

Siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo unalipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata unalipwa nusu.

Chukua mkata minofu wa mshahara wa Sh 390,000. Akivunjika mguu kwa kuteleza bafuni kwake Igoma na kukaa nje miezi minne, miezi miwili ya kwanza na siku chache anapata 390,000 kila mwezi. Baada ya hapo anapata 195,000. Akirudi kazini, hesabu haianzi upya Januari kama wengi wanavyodhani. Siku alizotumia zimetumika mpaka mzunguko wake wa miezi 36 uishe.

Kuna masharti mawili. Kwanza lazima ulete cheti cha daktari, na usipokileta mwajiri halazimiki kukulipa. Pili, aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana haki ya likizo ya malipo. Hapo msikilize vizuri, dada unayeitwa kiwandani samaki wakiwa wengi na kurudishwa nyumbani wakipungua: sheria inamtambua mfanyakazi wa msimu, na inamtambua pia aliyefanya kazi kwa mwajiri yule yule zaidi ya mara moja kwa mwaka, ikiwa vipindi vyake vikijumlishwa vinazidi miezi 6. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "wewe bado mgeni" kila unapoitwa upya. Tunza tarehe zako. Hata kwenye daftari la shule la mwanao, andika uliingia lini na kutoka lini.

Wanaweza kunikatia siku za ugonjwa kwenye likizo yangu ya mwaka?

Hapana. Likizo ya mwaka ni siku 28 na haichukui nafasi ya likizo ya ugonjwa. Ukiona fomu ya likizo ya mwaka imejazwa tayari na wewe ulikuwa umelazwa, usitie sahihi.

ED, cheti cha daktari cha kupumzika kazini, ni lazima? Mimi nilinunua dawa duka la dawa nikalala siku mbili, nikapona.

Nakuelewa, kaka. Homa imepanda usiku, duka la dawa muhimu liko hatua 20 kutoka mlangoni, kituo cha afya kina foleni. Umekunywa dawa, umepona. Tatizo ni kwamba karatasi ya kuonyesha huna. Risiti ya duka la dawa haisemi ulikuwa mgonjwa, inasema ulinunua vidonge.

Ile karatasi tunayoiita ED inatakiwa itoke kwa daktari aliyesajiliwa, au kwa mtabibu mwingine ambaye mwajiri anamkubali, na mwajiri haruhusiwi kumkataa bila sababu ya maana. Ndiyo kusema cheti cha zahanati ya kata, alichoandika mganga wa pale, kisitupwe kapuni eti kwa kuwa hakina mhuri wa hospitali ya Bugando. Nimewahi kusimama na supavaiza kwa jambo hilo hilo na nikashinda bila kwenda popote. Nilimuuliza tu wanawe yeye hutibiwa wapi.

Ukikosa ED, hasara ya kwanza ni malipo ya siku hizo. Ya pili huja polepole. Mwongozo wa utendaji bora wa 2007, uliotolewa chini ya sheria hiyo ya ajira, unahesabu kukosa kazini zaidi ya siku 5 za kazi, bila ruhusa wala sababu inayokubalika, kuwa kosa zito. Kwa hiyo hata kabla ya cheti, toa taarifa. Piga simu, tuma ujumbe, mtume jirani. Ujumbe wa saa 11 alfajiri unaosema "nina homa kali, naenda Buzuruga kupima" umewaokoa wengi niliowajua, maana unabaki kwenye simu na saa yake.

Niliugua nikiwa nyumbani Ukerewe. Cheti cha kule kinakubalika Mwanza?

Kinakubalika. Sheria haiulizi daktari yuko ng'ambo gani ya maji. Ila mgonjwa wa Nansio ana jambo lake la ziada: meli. Ukipewa ED ya siku 3 inayoisha Jumatano na ukafika kazini Ijumaa kwa sababu ya usafiri, Alhamisi haina mwenyewe. Mwambie daktari tangu mwanzo kwamba kazi yako iko Mwanza mjini na utarudi kwa meli, naye atapanga siku akijua hilo. Wa Sengerema na Geita walikuwa na kisingizio cha kivuko cha Busisi, lakini tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mabosi hawataki tena kukisikia.

Na mganga wa kienyeji?

Nenda ukitaka, ni mwili wako. Lakini kwa habari ya malipo usimtegemee, isipokuwa mwajiri akubali mwenyewe.

Kuna mtu stendi anauza ED zenye mhuri. Vipi?

Achana naye. Mimi nilishapokea ED iliyoandikwa tarehe 31 Novemba. Hata kama muuzaji wako anajua kalenda, kituo kina rejesta ya wagonjwa wa nje, na simu moja ya ofisi ya utumishi inatosha kujua kama jina lako limo. Ugonjwa haumfukuzishi mtu kazi kwa urahisi. Karatasi ya kughushi inamfukuzisha asubuhi moja, na inaweza kumfikisha polisi.

Mabosi wanasema ukiwapa watu bima wanajifanya wagonjwa. Ni kweli kwamba mwenye bima anakosa kazini zaidi?

Hili nitalijibu kwa kirefu, maana miaka 9 nimeliona likipita mbele yangu kila Jumatatu.

Mwenye kadi anaonekana hospitali mara nyingi zaidi, ni kweli. Hiyo ndiyo kazi ya kadi. Ukihesabu safari za hospitali utasema bosi ana haki. Hesabu siku, uone.

Chukua watu wawili wenye malaria ile ile. Wa kwanza ana kadi. Jumatatu jioni anasikia baridi kwenye mifupa. Jumanne asubuhi yuko kituo cha afya, anatobolewa kidole, kipimo kinaonyesha malaria, anapewa dawa ya mseto, mara mbili kwa siku kwa siku 3. Ijumaa amerudi, amekonda kidogo, anakata minofu. Amekosa siku 3 na cheti anacho.

Wa pili hana kadi. Jumanne anakuja kazini na Panadol mfukoni. Jumatano anakuja tena, anakaa kwenye ndoo kila supavaiza akigeuka. Alhamisi hawezi kusimama. Ijumaa mkewe anazunguka kutafuta pesa: kikoba hakijafikia zamu yao, ndugu wa Magu hapokei simu. Jumamosi anapelekwa kwa boda akiwa hajitambui, analazwa, anatundikiwa dripu. Anarudi kazini baada ya siku 9 au 10, na deni juu. Halafu wiki inayofuata anakosa tena siku moja. Haumwi. Anakimbizana na aliyemkopesha.

Ndiyo maana nasema siku za kazi hazipotei kwa ugonjwa peke yake. Nyingi zinapotea kwenye kutafuta hela ya kumwona daktari, na kadi inafuta sehemu hiyo. Kwenye daftari langu majina yaliyokuwa na mistari mirefu ya wekundu wa siku za kukosa hayakuwa ya wenye kadi.

Wavivu wapo, na kadi haiwatengenezi, wala kunyimwa kadi hakuwatibu. Na tusichanganye tena mifuko. Kinachoweza kumshawishi mtu abaki nyumbani ni malipo ya siku za ugonjwa, siyo bima inayomlipa daktari. Ujerumani walilijaribu hilo: mwaka 1996 sheria iliruhusu malipo ya ugonjwa yapunguzwe kutoka asilimia 100 ya mshahara hadi 80, ugomvi ukawa mkubwa, na kufikia 1999 asilimia 100 ikarudishwa. Wale ni watu wenye hospitali kila kona. Sisi wa Nyakato tunaobanana foleni ya alfajiri tungeanza kwanza na kadi kwa kila mtu, ya wavivu tukaongea baadaye.

Kadi ninayo, lakini hospitali bado inanimalizia siku nzima. Nifanyeje?

Anzia chini. Watu wengi wenye bima wanakimbilia moja kwa moja Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa, au Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda nzima ya ziwa, kwa mafua na tumbo. Bugando inapokea wagonjwa kutoka Kagera, Mara, Geita, Simiyu, Shinyanga. Wewe na kikohozi chako cha siku mbili utakaa nyuma yao wote, na bila karatasi ya rufaa unaweza kurudishwa. Zahanati na vituo vya afya vya karibu na kwako vinamaliza magonjwa mengi ya kila siku. Fika saa 1 asubuhi, beba kadi na kitambulisho.

Jingine ni kadi kugoma. Mtu anafika dirishani anaambiwa "haisomi". Mara nyingi kadi yenyewe ni nzima, michango ndiyo haikupelekwa. Mwenzetu mmoja alikatwa kila mwezi kwenye hati yake ya mshahara, na siku mkewe anahitaji upasuaji wakakuta mwajiri amelimbikiza miezi. Alikosa kazini siku 6 akikimbia huku na huku kati ya ofisi na hospitali, na siku hizo 6 nazo wakataka kumwandikia utoro! Usisubiri siku ya kuumwa. Pita ofisi ya NHIF ya mkoa ukiwa mzima, ulize hali ya michango yako. Ukikuta pengo, peleka hati za mshahara zinazoonyesha makato.

Nakatwa kiasi gani, na kadi inahudumia nani?

NHIF ni asilimia 6 ya mshahara, wewe 3 na mwajiri 3. Yule mkata minofu wetu wa 390,000 anakatwa Sh 11,700, na mwajiri anaweka kiasi hicho hicho. Inakuhudumia wewe, mwenzi wako na wategemezi hadi 4, ambao ni watoto, au wazazi na wakwe ukiwasajili. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamtaka mwajiri amsajili mwajiriwa wake, kwa hiyo "kampuni yetu haina utaratibu huo" siyo jibu tena.

Wasajili wategemezi. Vijana wengi wanaacha nafasi wazi kwa uvivu wa kutafuta cheti cha kuzaliwa, halafu mtoto akiugua ndipo baba anaomba ruhusa ya kwenda RITA, kwa wanaosajili vizazi.

Mtoto wangu amelazwa. Nina siku ngapi? Na mke wangu?

Kwa mtoto mgonjwa una angalau siku 4 za malipo katika mzunguko wako wa miezi 36. Siku hizo 4 zinatumika pia kwa kifo cha mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa naye.

Soma tena orodha hiyo. Mwenzi yumo akifa, akiugua hayumo. Mzazi vilevile. Mimi naona hapo sheria imewaacha watu wetu solemba, maana wodini kwetu mgonjwa bila mtu wa kumletea uji na kumfulia shuka ana shida. Kinachobaki ni kuomba likizo ya mwaka au ruhusa bila malipo, na wengi hawaombi: wanasema wao ndio wanaumwa. Kina mama ndio wanaobebeshwa. Mayo mmoja wa Igogo alikuwa na sifa ya utoro kiwanda kizima, kumbe mwenyewe hakuumwa hata siku moja mwaka ule. Alikuwa anauguza mama mkwe.

Kama mko wawili mnaofanya kazi, gawaneni. Baba naye ana siku zake 4, na hakuna kifungu kinachosema wodi ya watoto ni ya akina mama peke yao.

Nimekatwa na kisu cha minofu kazini. Nitumie bima?

Toa taarifa kwanza. Wakati ule ule, kwa msimamizi, mbele ya mtu, na iandikwe. Mwajiri naye anatakiwa aipeleke WCF ndani ya siku 7.

Mfuko huu unachangiwa na mwajiri peke yake. Ukikuta umekatwa hata senti kwa jina la WCF, kuna mtu anakuibia. Mfuko unagharamia matibabu ya jeraha la kazi. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, mfuko unakulipa asilimia 70 ya mshahara, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ukibaki na ulemavu wa kudumu kuna fidia yake, na kwa aliyefariki wategemezi wana mafao.

Kosa la hapa kwetu ni kulificha jeraha. Supavaiza anasema "nenda kajitibu na bima yako, tutamalizana", maana hataki rekodi ya ajali. Wiki mbili baadaye kidole kimeoza, na hakuna karatasi inayosema kilikatwa kiwandani. Sheria inampa mwombaji miezi 12 ya kudai, lakini usiitegemee. Mashahidi wanahama, na karatasi zinaliwa na panya.

Maradhi ya kazi nayo yanaingia. Mtu aliyesimama kwenye maji ya barafu miaka 7 akikata mnofu ule ule kwa mkono ule ule, kifundo kikaanza kufa ganzi, amwambie daktari kazi yake ni ipi. Daktari asipojua unachofanya ataandika "maumivu ya mkono" na hadithi itaishia hapo.

Mimi ni deiwaka, mkataba sina. Au ni mvuvi wa dagaa kwenye mtumbwi wa tajiri. Haya yote yananihusu?

Yanakuhusu kuliko unavyodhani. Kukosa karatasi ya mkataba hakukufanyi usiwe mwajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inatazama hali ilivyo. Je, mtu mwingine anakupangia namna na saa za kufanya kazi? Umefanya kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita? Vifaa vya kazi unapewa na yeye? Unategemea riziki kwake peke yake? Likipatikana hata moja kati ya hayo, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo.

Sasa mfikirie mvuvi wa dagaa wa Igombe. Mtumbwi wa tajiri, injini ya tajiri, nyavu na taa za tajiri. Giza likiingia analazimika kwenda, mbalamwezi ikija anapumzika. Mgawo unafanywa baada ya tajiri kutoa mafuta na gharama zake. Matajiri wanasema "huyu ni mbia wangu, tunagawana". Mbia gani asiyejua hata bei iliyouzwa Mwaloni Kirumba? Kwa vigezo vya kifungu hicho wengi wao ni waajiriwa, ingawa najua wazi kwamba kisiwani, tajiri akiwa ndiye pia mwenye duka linalokukopesha unga, kuitamka haki hiyo ni kazi ngumu kuliko kuvuta wavu. Waliofanikiwa niliowaona walikwenda kwa pamoja, siyo mmoja mmoja.

Kwa matibabu, kabla hujafika huko kwenye kudai, tafuta kadi ya kaya. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, pesa ambayo usiku mmoja mzuri wa dagaa unaitoa. Viwango na mipango vinabadilika chini ya sheria ya bima kwa wote, hivyo ulizia ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji kabla ya kulipa, na usilipe kwa mtu wa mtaani anayejiita wakala. Lipa msimu ukiwa mzuri. Wakati wa mbalamwezi hakuna mtu mwenye 30,000.

Sikohoi, sina homa, ila nachoka tu kila siku na tumbo linajaa. Nitapewa ED kwa uchovu?

Nenda ukapime kichocho. Pwani hii ya ziwa na visiwa vyake vina kichocho cha tumbo kwa wingi, hasa kwa wanaoingia majini kila siku: wavuvi, wanaoosha dagaa, wanaochota maji. Kinaingia kupitia ngozi, kinakaa miaka, kinaharibu ini polepole. Mgonjwa wake hakosi kazini, anakuja kila siku na kufanya nusu ya kazi, na wenzake wanamwita mvivu. Dawa yake ni praziquantel, vidonge vya kumeza kwa mara moja kulingana na uzito. Kula kwanza, maana inazungusha kichwa. Na ukirudi kwenye maji yale yale utaambukizwa tena, kwa hiyo upimaji siyo wa mara moja maishani.

Kiwandani kwetu kuna posho ya mahudhurio. Nikikosa siku moja inafutika yote. Nije tu hata nikiumwa?

Kama unaharisha au kutapika na kazi yako ni kushika samaki, usije. Hapa sikupi ushauri wa huruma, nakupa wa biashara. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa kutoka kwetu kwa hofu ya kipindupindu, na 1999 ukazuia tena wa Ziwa Victoria kwa ajili ya sumu iliyokuwa inatumiwa kuvulia. Wazee wa Mwanza wanakumbuka mashine zilivyokaa kimya. Posho inayomvuta mgonjwa wa tumbo kwenye meza ya minofu inahatarisha mkate wa wote, na nimewahi kumwambia meneja hivyo hivyo kikaoni. Alikubali kwamba siku zenye ED zisihesabiwe kuwa utoro kwenye posho. Wekeni kifungu hicho kwenye mkataba wenu wa pamoja, ni rahisi kuliko mnavyodhani.

Supavaiza anataka kujua ninaumwa nini. Lazima nimwambie?

Anayepaswa kujua ni daktari. Mwajiri anahitaji kujua kwamba huwezi kazi, kwa siku ngapi, na kama kuna kazi usizoweza kufanya ukirudi. Kwa VVU sheria ni kali zaidi: hairuhusiwi kumlazimisha mtu kupima wala kumbagua kazini kwa hali yake, na sheria ya ajira inautaja ubaguzi huo waziwazi.

Wanaokwenda CTC, kliniki ya wenye VVU, wananiuliza sana jinsi ya kuomba ruhusa bila maneno. Mgonjwa aliyetulia kwenye dawa anaweza kupewa za miezi kadhaa kwa mara moja, kwa hiyo mwombe mhudumu wako akupangie hivyo, tena siku ya mapumziko yako. Dawa za VVU na za kifua kikuu ni bure, bima au hakuna bima. Wa kifua kikuu asirudi kazini kabla daktari hajasema hawezi tena kuambukiza, na dawa zake za miezi 6 asizikatishe kwa kuwa kikohozi kimeisha.

Mimi ni mjamzito na natapika kila asubuhi. Inahesabiwa kwenye likizo ya uzazi?

La. Kuumwa kwa ujauzito ukiwa na cheti ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Likizo ya uzazi inabaki siku 84 zako, au 100 ukijifungua zaidi ya mmoja. Mwajiri mpe taarifa ya maandishi miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua.

Nimeumwa miezi mingi. Wanaweza kunifukuza?

Wanaweza kufika huko, ila kuna njia ya kupita. Mwajiri anatakiwa kwanza aulize: ni ugonjwa wa muda au wa kudumu, daktari anasemaje, kuna kazi nyepesi anayoweza kupewa, inawezekana kubadilisha mazingira. Aliyeumizwa na kazi hiyo hiyo anastahili juhudi kubwa zaidi. Na wewe unapaswa kusikilizwa, ukiwa na mwenzako au mwakilishi wa chama.

Barua ikija bila hayo, hesabu siku. Una siku 30 tangu kuachishwa kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yenye ofisi hapa Mwanza. Kwa madai mengine, kama nusu mshahara wa ugonjwa usiolipwa, ni siku 60. Hakuna ada, na wakili si lazima. Ukichelewa utajaza fomu ya kuomba radhi ya kuchelewa na kueleza kwa nini, jambo linalowaangusha wengi.

Beba mkataba kama unao, hati za mshahara, ED zote kwa mpangilio wa tarehe, na simu yenye ule ujumbe wa saa 11 alfajiri. Usiufute.